Mikono mingapi imelishika andazi hili?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Wete, Pemba. Mkubwa ana miaka 9, mdogo anaingia 6. Kaka yangu anayeishi Uingereza kaja likizo na begi zima la vitabu vya picha vinavyohusu kazi: askari wa zimamoto, mkulima wa trekta, mleta barua, daktari wa wanyama. Anasema kule watoto huanza kuelewa mambo ya uchumi kwa vitabu kama hivi. Nimewasomea huku nikitafsiri. Picha wamezipenda sana, lakini tulipomaliza kile cha zimamoto yule mkubwa akaniuliza, "Mama, sasa huyu nani anamlipa?" Nikashindwa kumjibu. Vitabu hivi vinafaa? Kama havifai, nianzie wapi? Mume wangu naye ana wasiwasi kwamba watoto wakizoea kuzungumza bei watakuwa wapenda pesa.

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Wewe unasema umeshindwa, mimi naona mwanao keshaanza somo. Swali lake ndilo linalokosekana katika vitabu vingi vya kazi, vya huko na vya huku. Zimamoto anazima moto, daktari anatibu, rubani anarusha ndege, kila mmoja na sare yake na tabasamu lake, kama kwamba wameamka asubuhi wakajisikia tu kufanya hayo. Mtoto akifunga kitabu anajua majina ya kazi kumi na mbili, na hajui hata moja inavyomfikishia mtu sahani ya wali.

Kwa hiyo vitabu vya mjomba usivitupe, vina kazi yao na nitaifikia, lakini usianzie hapo. Chagua kitu kimoja ambacho wanao wanakishika kila siku, kifuate mkono kwa mkono mpaka kilikotoka, na kitabu chake kitengeneze mwenyewe. Usipange kazi, fuata kitu. Kazi zikipangwa moja moja kila ukurasa zinakuwa kama alifu, be, te: mtoto atazikariri na ataishia hapo. Kitu kikifuatwa, kazi zinajitokeza zenyewe, na kila moja inakuja pamoja na sababu yake.

Nalisema hili kwa kuwa mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea. Miaka ya nyuma, nilipokuwa nikiwasaidia walimu wa maandalizi kaskazini Unguja, nilichora kitabu cha kazi, kila ukurasa na mtu wake. Nilijivunia. Nikakaa na watoto kwenye mkeka, tukafika kwa mvuvi: kofia, nyavu begani, bahari nyuma yake. Kijana mmoja mdogo akasogea akaweka kidole kwenye picha. "Samaki wake wako wapi?" Sikumchora samaki. "Leo hakupata?" Nikasema labda hakupata. "Sasa watoto wake wanakula nini?" Nilikuwa na kurasa nyengine tisa mbele yangu na hakuna hata moja iliyomjibu. Kile kitabu sikukirudia tena.

Na watoto wetu wana bahati ambayo wazee wengi hatuioni. Mwanasaikolojia Gustav Jahoda, aliyekuwa akifundisha Scotland, aliwachezesha watoto wa Glasgow mchezo wa duka, na mwaka 1979 akachapisha alichokiona. Wadogo wengi waliamini mwenye duka ananunua bidhaa kwa bei ile ile anayouzia. Kwamba lazima anunue kwa bei ya chini, na ile tofauti ndiyo inayomlisha, liliwaingia wakifika kama miaka 10 au 11. Kisha 1983 akachapisha utafiti mwengine, huu wa watoto wa Zimbabwe wa miaka 9 hadi 11, akakuta wamewatangulia wenzao wa Ulaya. Si kwa sababu ya skuli. Watoto wale waliishi ndani ya biashara ndogo ndogo za wazee wao, na wengine walikuwa wakiuza wenyewe.

Sasa mtazame huyo wako wa miaka 9. Unamtuma dukani kununua robo ya sukari. Anajua chenji. Msimu wa karafuu amekaa na bibi yake akichambua. Amesikia mabishano ya bei dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki. Faida anaijua kabla hajalijua neno lenyewe. Hahitaji kitabu kimwambie pesa ni nini. Anahitaji kitabu kimsimamishe pale anapopita mbio kila siku, atazame.

Mimi huanza na andazi. Karibu kila nyumba linaliwa, na karibu kila mtaa kuna mama anayeliuza. Kitabu kinakwenda kinyumenyume. Ukurasa wa kwanza andazi peke yake, kubwa, limejaa karatasi, na maneno chini: "Mikono mingapi imelishika andazi hili?" Ukurasa wa pili mkono wa mnunuzi unatoa sarafu ya mia mbili. Wa tatu mkono wa mtoto aliyebeba sinia. Halafu mkono wa mama unaogeuza andazi kwenye mafuta. Mkono unaokanda. Mkono uliokaa juu ya mbuzi unakuna nazi. Mkono wa mkwezi umekumbatia mnazi. Mkono wa mwenye duka unapima unga. Mgongo na mikono ya mchukuzi bandarini na polo la unga kichwani. Mkono kwenye usukani wa meli. Na mwisho mkono wa mtu tusiyemjua, shambani, ameshika ngano. Visiwani kwetu hatulimi ngano, kwa hiyo mkono ule lazima uwe mbali, na mtoto akishalijua hilo andazi halitakuwa tena kitu cha mama jirani tu.

Unaona nimesema mikono na si nyuso. Hilo nilifundishwa na akina mama wenyewe. Wengi kwetu hawapendi kupigwa picha, na wana haki yao. Lakini ukimwambia, "Bibi, niruhusu nipige mikono yako tu, ya kitabu cha watoto," anacheka, anavuta buibui, anakunyooshea. Na mikono ndiyo inayosema: vidole vya mchambuzi wa karafuu vimeingia weusi ambao hautoki kwa sabuni, mikono ya mlimaji wa mwani imekunjana kwa maji ya chumvi, na kiganja cha mchomaji maandazi kina alama ndogo ndogo za mafuta yaliyomrukia. Kalamu ya rangi haiwezi kuchora hayo.

Nilipowasomea watoto wa mtaa mmoja walihesabu mikono kumi na moja. Tukadhani tumemaliza. Msichana mmoja akasema, "Tumemsahau aliyetengeneza mbuzi." Mbuzi ya nazi anakusudia. Basi akawa amefungua mlango: seremala wa kile kiti, mhunzi wa lile jino la chuma, aliyemuuzia mhunzi chuma. Tuliacha kuhesabu ilipoadhiniwa adhuhuri.

Kwa mdogo wako ishia hapo, kuhesabu mikono kunamtosha. Kwa mkubwa ongeza ukurasa wa hesabu, na hesabu ziwe za kweli za mtaani kwenu. Hizi zangu ni za mfano tu. Mama ana kilo 2 za unga, 4,000. Robo ya sukari, 800. Nazi, 1,000. Hamira na hiliki, 500. Mafuta, 2,700. Kuni, 1,000. Jumla 10,000. Anapata maandazi 70, anauza 200 kila moja. Yakimalizika yote mkononi ana 14,000. Muulize kijana: mama amepata ngapi? Atakwambia 14,000. Mwache. Mrudishe kwenye ukurasa wa dukani, aone kesho mama anahitaji 10,000 ili apike tena. Atarudi mwenyewe na 4,000.

Sasa muulize jambo ambalo watu wazima wengi tunaliruka: mama kaamka saa kumi alfajiri, kakanda, kachoma, kamaliza saa moja na nusu. Hizo 4,000 ni faida, au ni ujira wake? Angemwajiri mtu mwengine afanye kazi ile angemlipa ngapi? Mara nyingi angemlipa karibu hizo hizo, na faida ya kweli ikabaki ya kununulia kiberiti. Usimpe jibu. Ukimpa atalimeza na kulisahau, usipompa atakuja kukuuliza wewe unalipwa na nani kwa kufua, na hapo mna mazungumzo. Kisha fanya maandazi matano yasinunuliwe, yaliwe nyumbani. Zimebaki 3,000. Yale matano yamepotea au hayakupotea? Nimesikia watoto wakigombana juu ya hilo nusu saa nzima, na kila upande una hoja.

Kitabu cha pili ningekifanya cha bei, na hapa Pemba mna utajiri ambao mwalimu wa London angeuonea wivu. Katika kijiji kimoja mtoto anaona bei tatu za namna tatu. Mpeleke Tumbe, au diko lolote lililo karibu nanyi, asubuhi vyombo vikiingia. Samaki ananadiwa: mnadi anapaza sauti, wachuuzi wanapandishiana, na bei inazaliwa pale pale mbele ya macho. Fungu lile lile saa mbili lina bei yake na saa sita, jua limeshalipiga, lina nyengine. Siku za kusi kali vyombo vikikosa kutoka, wachuuzi ni wale wale na samaki ni mtungo mmoja, sikiliza mnadi anavyoringa. Siku dagaa wamejaa hadi wa kumwaga, mnadi anabembeleza.

Kisha mpeleke kituo cha kununulia karafuu msimu ukiwadia. Pale hakuna mnadi. Karafuu inapelekwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, inatazamwa ukavu na usafi wake, inapewa daraja, inapandishwa mizani, na bei imeshatangazwa kwa kila daraja. Ulete asubuhi au jioni, uwe peke yako au mko mia kwenye foleni, kilo ni bei moja. Halafu mrudishe dukani, ambako bei haikutangazwa wala hainadiwi: mwenye duka anataja, wewe unasema "nipunguzie", mnakutana mahali.

Weka picha tatu hizi kwenye kurasa zinazotazamana na umuulize: nani anajua bei kabla hajatoka nyumbani? Mkulima wa karafuu anajua, mvuvi hajui. Nani anapata raha zaidi bei ya duniani ikipanda ghafla? Nani analala vizuri zaidi ikishuka? Mtoto wa miaka 9 ataliona hilo bila ya neno kubwa hata moja, na siku akilisikia neno magendo, karafuu kuvushwa kwa siri kufuata bei kubwa zaidi ng'ambo, atakuwa na pa kuliweka. Sitakuamulia ipi ni njia bora. Wachumi wenyewe hawajamaliza kugombana, na kitabu cha mtoto si mahali pa kumalizia ugomvi huo.

Kama huwezi kufika dikoni, subiri Ramadhani. Wiki moja kabla, nenda naye sokoni Wete, mwandike bei ya muhogo, majimbi, viazi vikuu na mkungu wa ndizi. Rudini siku ya tatu ya mfungo. Mashamba hayakubadilika na mkulima ni yule yule, ila kila nyumba inataka futari kwa saa ile ile moja. Hapo mtoto kaona mahitaji yanavyopandisha bei, na ameona kwa tumbo tupu.

Dikoni kuna jambo jengine ningependa umwonyeshe, ingawa linachelewa na watoto huchoka kungoja: mgao. Samaki wakishauzwa, kwanza yanatolewa mafuta ya mashine na matumizi ya safari. Kinachobaki kinagawiwa, na chombo nacho kina fungu lake. Watoto huangua kicheko wakilisikia hilo. Chombo kinakula? Kinakula, maana kuna mtu alitoa pesa akakinunua, kinahitaji ubao mpya, kinahitaji kalafati. Fungu lake linakwenda kwa mwenye nacho, ambaye pengine alilala nyumbani usiku kucha. Ni haki? Waache wabishane. Mmoja atasema hakuvuta nyavu, asipate. Mwengine atasema bila ya chombo wangevua kwa kuogelea. Ndiyo mtaji huo, na sijaona maelezo mepesi zaidi ya haya.

Na mume wako mwambie hivi: mwenye chombo, siku wavuvi wakirudi mikono mitupu, naye hapati kitu. Anakula nao na anakosa nao. Aliyekopesha kwa riba anadai lake, bahari iwe imetoa au haikutoa. Tofauti hiyo tunawahubiria watoto tangu wadogo kwa maneno ya Kiarabu wasiyoyafahamu, na kumbe iko pale mchangani inagawiwa kila asubuhi.

Hofu yake naielewa na siidharau. Ila kinachomfanya mtoto apende pesa ni kuiona bila ya kuona ilikotoka. Wenu kama anasoma chuo cha Kurani, bila shaka Juzuu Amma anaihifadhi, na ndani yake mna Suratul Mutaffifin, ole wao wapunjao vipimo. Anaisoma kwa sauti nzuri, na hajui kuwa inamhusu mwenye pishi, kile kipimo chetu cha ujazo. Wachumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi. Chukua pishi, chukua mchele, mwonyeshe pishi iliyojaa kwa haki na pishi iliyopunjwa kidogo tu, kiasi jicho halioni. Afanye mara ishirini, kama mchumaji wa siku nzima, na pungufu lote aliweke pembeni kwenye bakuli moja. Alitazame lile bakuli. Baba yake ndiye amsomee ile aya.

Kutoka karafuu unaweza kumfikisha mbali, lakini hicho nakiweka kitabu cha mkubwa peke yake. Mchumaji juu ya mkarafuu, mchambuzi anatenga karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, mwanikaji anageuza jamvini na jicho lake liko kwenye mawingu, mizani, gunia, bandari. Makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta, na watoto hupenda kujua kuwa hata kijiti kina bei. Baadaye meli. Kwa muda mrefu mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku kwenye sigara zinazoitwa kretek. Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Hakuna aliyekosa kazi kwa uvivu huku Pemba. Mkulima alipalilia vile vile, alichuma vile vile. Mnunuzi tu alikuwa amepanda wake. Naona ni muhimu mtoto alijue hilo mapema, kwa sababu hadithi zetu nyingi za watoto zinamfundisha kuwa maskini ni mvivu na tajiri ni mwenye bidii, na akitoka nje anakuta bibi yake aliyefanya kazi miaka 60.

Kinyume chake kipo pia. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu ukipandwa leo unakaa miaka kabla ya kuzaa, kwa hiyo Unguja haikuweza kujaza pengo lake haraka. Wapemba hawakufanya lolote la ajabu mwaka ule. Upepo ulipita kwengine.

Mwani nitaupitia kwa haraka tu, ingawa unastahili kitabu kizima na natumai utakuja kukitengeneza. Kilimo chake cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na sasa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka kwenu Pemba. Akina mama wanafunga vipande kwenye kamba, maji yakitupa wanakwenda, wiki kama sita wanavuna, wanaanika, wanauza. Kisha mtoto atauliza unaliwaje. Haupikwi nyumbani. Unakwenda nje kutolewa utomvu wa kugandishia vitu viwandani, hata dawa ya meno na askrimu. Mlimaji hamjui mpigaji mswaki, wala mpigaji mswaki hamjui yeye. Siku mwanao akipiga mswaki, mwambie huenda jirani yenu yumo ndani ya ile dawa.

Sasa vitabu vya mjomba. Chukua kile cha zimamoto, kwa sababu ndicho kilichozaa swali. Zimamoto hasimami mlangoni akidai chake kabla ya kufungua mpira wa maji. Ndiyo maana mwanao hakumwona mlipaji: hayumo kwenye picha. Mpeleke sokoni, amtazame mtu wa ushuru na kitabu chake cha risiti akipita kwa wauzaji. Kila meza inatoa kidogo. Pesa za namna hiyo, na kodi kwenye mafuta ya gari, na ile ya dukani, zinakusanywa sehemu sehemu, na kutoka humo wanalipwa zimamoto, mwalimu, mkunga wa kituo cha afya. Kwetu kuna mfano mzuri zaidi. Kila tarehe 23 Septemba wanafunzi husherehekea elimu bila malipo, iliyotangazwa siku hiyo mwaka 1964. Muulize: bila malipo ya nani? Mwalimu analipwa. Chaki ilinunuliwa. Kwa hiyo kuna aliyelipa, na mmoja wao ni yule mama wa maandazi, kila anaponunua kitu chenye kodi dukani.

Baada ya hapo mrudie yule mkulima wa trekta na ng'ombe wenye mabaka. Hapo cheza mchezo wa kukamata kilichokosekana: nani amelinunua trekta? Maziwa yanakwenda wapi? Mbona hakuna mke, hakuna watoto, hakuna jirani anayesaidia? Mleta barua anayepita mlango kwa mlango atawachekesha, kwetu barua unaifuata mwenyewe kwenye sanduku la posta. Vitabu vya kigeni vizuri kwa hilo, kumfundisha mtoto kuuliza mbele ya picha nzuri.

Kutengeneza si kazi kubwa. Karatasi nane za kawaida zikunjwe katikati, zishonwe uti wa mgongo kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni, gamba liwe la boksi. Picha piga kwa simu na uzitoe duka la fotokopi, au mwache mkubwa achore, maana mchoro wake atautetea kuliko picha yako. Sentensi moja kila ukurasa, kwa herufi kubwa, na mwandiko uwe wako. Na nakuomba, usiandike mwisho "kwa hiyo watoto tufanye kazi kwa bidii." Vitabu vyetu vina ugonjwa huo. Mtoto anaijua sauti ile, akiisikia anajua kitabu kimekwisha na akili anaifunga. Ukurasa wa mwisho uache mtupu. Watajaza mkono waliousahau.

Tahadhari moja, na nitaisema mara moja tu: kitabu cha kazi si ruhusa ya kumtoa mtoto skuli akauze sinia, wala kumpandisha mkarafuu. Atazame, aulize, asaidie kuchambua jioni pamoja na bibi yake. Kazi za juu ya mti ni za watu wazima.

Na Idi ikija wote wawili watapata pesa za sikukuu kwa mababu na mashangazi, pengine ndiyo mara pekee kwa mwaka watakaposhika pesa yao wenyewe ya kutosha kuchagua. Wengi wetu tunaichukua "tuwawekee", na hawaioni tena. Safari hii wagawie. Sehemu ya sadaka waitoe kwa mikono yao, sehemu iingie kwenye kibubu, na iliyobaki waende nayo kiwanja cha sikukuu, mkubwa na daftari mfukoni. Usimwambie anunue nini. Akinunua bastola ya maji kwa nusu ya pesa zake na ikavunjika kabla ya magharibi, mfute machozi, mpe maji ya kunywa, lakini usimnunulie nyengine.